Bosi anataka kujua naumwa nini, cheti cha daktari cha mapumziko (ED) hakimtoshi

Zai_wa_Ngarenaro:
Wakuu habari zenu. Nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ya kuzaliwa nayo, sasa nina miaka 29. Niko mapokezi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, mwaka wa tatu huu. Siku nyingi niko vizuri tu. Nakunywa foliki asidi na haidroksiyurea, na chupa yangu ya maji ya lita mbili hainitoki mkononi mpaka wananiita AUWSA, ile mamlaka ya maji ya Arusha. Shida yangu ni baridi ya Juni na Julai. Mifupa ikishaanza, ni dripu na sindano za maumivu, siku tatu nne.

Mwezi huu nimepewa ED mara mbili. Ya pili meneja kaisoma mbele ya watu wote wa kaunta: "Hapa wameandika mapumziko tu. Unaumwa nini hasa? Mimba? Au ni mambo yale yetu?" Watu wakacheka. Jioni nakuta kaipiga picha, kairusha kwenye grupu la kazini: "Wengine wanaumwa kwa ratiba." Nimenyamaza. Mama alishaniambia, ukiitaja selimundu, kazi basi na mchumba basi. Hivi nalazimika kumwambia?

Kalamu_Nyekundu:
Pole sana dada. Nimefanya kazi za HR miaka kumi na moja. Hulazimiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 32, inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Anachopaswa kuletewa ni cheti cha daktari, na umekileta.

Kinachonikera mimi ni ile picha. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Piga skrinshoti leo leo kabla hajaifuta. Na usibishane naye kaunta, atakushinda kwa mdomo. Mwandikie: "Cheti cha daktari nimekiambatanisha. Maelezo zaidi ya matibabu naomba yabaki kati yangu na daktari." Baki na nakala.

fundi_rangi:
"Mambo yale yetu"?? Angenikuta mimi!

Baba Nasri:
Binti yangu, sheria sawa, ila mimi nina kifafa na nilificha kazini miaka minne. Siku nilipoanguka stoo, wenzangu wakanitia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Walidhani wananisaidia. Meneja achana naye, lakini mtu mmoja pale ajue ukizidiwa akupeleke wapi.

Zai_wa_Ngarenaro:
Asanteni jamani. Skrinshoti ninayo, na nilifanya vizuri maana asubuhi picha haipo. Barua nimeipeleka na nakala kwa mhasibu, ndiye anayeshika mafaili yetu. Meneja kaisoma kasimama, kaikunja mara mbili, kaniuliza lori la saruji limefika saa ngapi.

Baba Nasri, nimemwambia mama wa stoo. Kanitazama, kaniambia mdogo wake naye anayo, kumbe! Namba ya dada yangu ameiandika kwa maka pen nyuma ya mlango wa stoo, chini ya bei za misumari.