Tupeane uzoefu: kuitembelea Budapest bila kuwa mzigo kwa wenyeji

Mwanamaji:
Wakuu salaam. Jana kwenye taarifa ya habari wameonyesha mto Danube na lile jengo la Bunge la Hungaria pale Budapest, kumbukumbu zikanijia kwa mkupuo. Mdogo wangu anakwenda huko Oktoba kikazi na atabaki siku chache za kutembea. Ameniomba nimweleze namna ya kuuona mji bila kuwa mzigo kwa wanaoishi pale. Najua humu tuko wengi tuliosoma kule kwa ufadhili wa serikali yao. Naanza mimi: apande tramu namba 2. Inafuata ukingo wa Pest, upande wa mashariki wa mto, ng'ambo ya maji unaiona Kasri ya Buda juu ya kilima, unapita Daraja la Minyororo, na pembeni yako amekaa mama anayetoka sokoni na kabichi zake. Tupeane uzoefu, mazuri na machungu.

Mzee wa Reli:
Namba 2 haina mpinzani. Lakini asiondoke bila kupanda M1, ile metro ya mabehewa ya njano. Ilifunguliwa 1896, ya kwanza Ulaya bara, na mpaka leo watu wanakwenda nayo kazini. Iko chini kidogo tu ya barabara: unashuka ngazi chache unajikuta kwenye kituo cha vigae vyeupe na nguzo za chuma. Achukue tiketi ya saa 72. Zile za safari moja ni lazima uzigonge kwenye mashine, na wakaguzi wa kule hawana simile. Kutoka uwanja wa ndege kuna basi 100E lenye tiketi yake ya pekee, na kuna 200E linalokufikisha kwenye metro ya M3 kwa tiketi ya kawaida.

Na kama anapitia Vienna, apande treni. Saa tatu hazijaisha yuko stesheni ya Keleti, mjini kabisa.

Shemeji wa Wote:
Mzee wangu, mtu ametoka Dar kwa ndege, kavuka bara zima, halafu umbane kwa kipande cha Vienna? Mazingira si yameshaumia?

Mzee wa Reli:
Ya Dar hana njia nyingine. Ya Vienna anayo. Kwa nini aiache?

Kijana wa Ujiji:
Treni. Dirishani unaona mashamba na mitambo ya upepo. Uwanja wa ndege unavua mkanda na viatu.

Mama Shufaa:
Mwambieni asinunue maji ya chupa. Maji ya bomba ya Budapest yanatoka kwenye visima vilivyochimbwa kandokando ya Danube, mchanga na kokoto za ukingo ndizo zinazoyachuja. Ni matamu. Abebe chupa yake. Akinunua soda, asitupe chombo: tangu Januari 2024 unalipia forinti 50, pesa ya kule, zaidi kwa kila chupa au kopo lenye alama, na unazirudishiwa kwenye mashine za supamaketi. Wapo watu wanaoishi kwa kuzikusanya, kwa hiyo mimi zangu nilikuwa naziacha wima kando ya pipa ili mtu asiingize mkono kwenye taka.

Jaduong Kisumu:
Oktoba ni mwezi mzuri. Julai jua linachoma na foleni ya kila kitu inafika barabarani. Bafu za maji moto za Széchenyi ndizo raha yenyewe hewa ikiwa baridi, mvuke umetanda juu ya maji mpaka humuoni mwenzako. Maji hayohayo ya chemchemi yanapasha joto majengo ya bustani ya wanyama iliyo jirani, na viboko wao wanaogelea humo, wanazaa vizuri kabisa. Mimi mtu wa ziwani nilisimama pale muda mrefu sana.

Kijana wa Ujiji:
Mimi napinga. Aende Juni. Cheri sokoni, Kisiwa cha Margit kijani, magari binafsi hayazunguki humo. Oktoba atavaa koti tu.

Binti Ngamiani:
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Hilo la mzigo kwa wenyeji limenigusa, acha niseme.

Nilikuwa nakaa wilaya ya sita, Terézváros, karibu na makutano ya Oktogon. Wanaozijua nyumba za zamani za pale wanaelewa: ua katikati, kila ghorofa ina baraza ndefu ya wazi yenye vyuma, milango yote inatazama uani. Mtu akikohoa chini, wa juu anasikia. Nilipohamia jirani zangu walikuwa fundi viatu mstaafu, mwalimu, na bibi wa mlango wa pili aliyenifundisha kupika lecsó, ile rojo ya pilipili hoho na nyanya, akawa ananiita mjukuu wake. Mwaka hadi mwaka nyumba zikageuzwa za wageni wa siku mbili tatu. Getini yakajaa yale makasha madogo ya funguo yenye namba, yamefungwa kwenye nondo za dirisha moja juu ya jingine. Saa kumi alfajiri unasikia magurudumu ya mabegi yanakokotwa barazani mpaka kwenye lifti, na ukuta unatetemeka.

Usiku mmoja wa Agosti bibi akanigongea ukutani. Nikamkuta ameshika kifua, jasho limemlowesha nguo, midomo imepauka. Nikapiga 112. Ambulensi ilifika upesi. Lakini vijana waliokodi ghorofa ya juu walikuwa wamejazana kwenye lifti na makreti ya bia, ikazidiwa, ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, nao humo ndani wanacheka na kupigana picha. Wahudumu wakapanda ngazi mbio na kiti cha kubebea. Walimteremsha ghorofa zote tatu, mimi nimeshika dripu juu ya kichwa, mkono umekufa ganzi, na kila kona wanasimama kukigeuza kiti kwa sababu ngazi ni nyembamba. Juu muziki haukuzimwa. Bibi na hali ile aliniuliza kitu kimoja tu, kama nimeufunga mlango wake.

Alipona, namshukuru Mungu. Lakini hakurudi. Mwanawe alimchukua kwake, mji wa Debrecen, na kabla ya Krismasi na mlango wake ukawa na kasha la funguo.

Mama Shufaa:
Pole mwanangu. Nimelia.

Kijana wa Ujiji:
Daah. Sina neno.

Shemeji wa Wote:
Pole sana dada. Ila tuseme kweli: wabaya ni walevi wale, si nyumba. Mimi nilikwenda na mke na watoto watatu, hoteli ingekuwa vyumba viwili, hatungeweza. Tulikodi nyumba, tukapika wenyewe, saa tatu usiku kimya.

Binti Ngamiani:
Kaka, sina ugomvi na familia yako. Lakini wewe ukiondoka Jumamosi, Jumapili anaingia nani? Jirani hamchagui. Ndiyo maana Terézváros walipiga kura mwaka 2024, na waliotaka nyumba za aina hiyo zipigwe marufuku kuanzia 2026 wakashinda.

Shemeji wa Wote:
Na mjane aliyekuwa anaishi kwa kodi ya chumba kimoja?

Jaduong Kisumu:
Mjane huyo namhurumia, ila jengo zima halikuwa la mjane. Mimi mwenye nyumba aliniambia waziwazi kwamba mgeni wa wikendi mbili anamlipa kodi yangu ya mwezi. Nikahamia Kőbánya, nje ya katikati ya mji, kila asubuhi nikawa napita nyumba yangu ya zamani kwenda chuoni.

Mzee wa Reli:
Wanangu, mdogo wake Mwanamaji anasubiri. Avuke Daraja la Minyororo kwa miguu. Tangu lilipokarabatiwa magari binafsi hayaruhusiwi tena, unasikia upepo na mto. Siku nyingine apande milima ya Buda kwa treni ya watoto. Wakata tiketi na wapiga saluti ni wanafunzi wa miaka 10 hadi 14, dereva ndiye mtu mzima. Ipo tangu 1948.

Kijana wa Ujiji:
Akodi baiskeli afuate mto hadi mji mdogo wa Szentendre, kama kilomita 20. Kurudi apande treni ya H5.

Jaduong Kisumu:
Baiskeli katikati ya mji asithubutu. Reli za tramu zinameza tairi.

Mwanamaji:
Asanteni. Dada Binti Ngamiani, alale wapi basi?

Binti Ngamiani:
Hoteli ndogo au hosteli yenye mtu mapokezi, nje kidogo ya katikati, karibu na kituo cha tramu 4 au 6. Hizo hupita muda wote, na 6 hata usiku kucha. Chakula ale kwenye masoko ya mitaani wanakonunua wenyeji. Soko Kuu la 1897 ni zuri kulitazama, lakini anunue ghorofa ya chini kwenye mboga na paprika. Juu bei ni za wageni.

Mama Shufaa:
Na sisi wanawake tunaojisitiri, bafu zipi?

Binti Ngamiani:
Mama, Rudas. Ile hamamu ya Waturuki ya karne ya 16, chini ya kuba. Enzi zetu Jumanne ilikuwa ya wanawake peke yao. Pigeni simu kwanza muulize ratiba.