Hoteli za bei poa Orlando: hiyo dola 59 ya kwenye tangazo hakuna anayeilipa

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali. Kila likizo za shule zikikaribia, familia zetu za Minneapolis, Dallas na Columbus, na nyingine zinazotoka moja kwa moja Nairobi na Dar, zinapanga safari ya Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Disney na Universal. Wanaona chumba cha dola 59 kwa usiku, wanalipia, wanafika mapokezi usiku wa manane watoto wamelala mabegani, na hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanza. Wanauziwa mbuzi kwenye gunia, na wanaouza wanajua kabisa wanachofanya.

Twende kwenye hesabu. Chumba 59. Juu yake kuna ada ya lazima inayoandikwa resort fee, hata kama bwawa limefungwa na intaneti haifiki chumbani. Tuseme ni 25. Jumla 84. Kodi inakatwa kwenye hiyo 84, siyo kwenye 59. Barabara ya International Drive na eneo la Lake Buena Vista ziko wilaya ya Orange (Orange County), kodi asilimia 12.5: 6.5 ya mauzo na 6 ya utalii. Barabara ya US 192 pale Kissimmee iko wilaya ya Osceola, asilimia 13.5. Kwa Orange unafika 94.50. Weka maegesho dola 15, ni 109.50 kwa usiku mmoja. Usiku 5 ni 547.50, wakati aliyepanga bajeti alizidisha 59 mara 5 akapata 295. Tofauti hiyo ni tiketi ya mtu mzima ya siku nzima na chakula juu!

Kuanzia 12 Mei 2025, kanuni ya FTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayolinda wateja, inazitaka hoteli na tovuti za kuuza vyumba zionyeshe tangu mwanzo jumla yenye ada zote za lazima. Nashukuru. Lakini kodi inaruhusiwa kuja baadaye, mradi uione kabla ya kulipa, na maegesho yanahesabiwa kuwa ni hiari yako. Hiari gani, kwenye mji ambao bila gari huendi popote? Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mtu wa mapokezi kwa simu ni: maegesho ni shilingi ngapi kwa usiku, na je, kodi imo? Ukikuta tovuti bado inaficha ada ya lazima kwenye maandishi madogo ya "hulipwa hotelini", piga picha ya skrini na uwashitaki kwenye reportfraud.ftc.gov.

Dipoziti ndiyo inayowaumiza zaidi wanaotoka nyumbani. Hoteli nyingi za kundi hili zinashikilia dola 50 hadi 150 kwenye kadi yako ukifika, na nyingine zinashikilia kwa kila usiku. Kwa kadi ya mkopo unapungukiwa kikomo tu. Kwa kadi ya debiti ni pesa yako halisi inayofungiwa, na baada ya kuondoka inaweza kuchukua wiki moja au zaidi kurudi, hasa benki ikiwa nje ya Marekani. Familia inabaki siku ya pili haina pesa ya chakula huku salio lao lipo. Kadi ya mtandaoni iliyoko kwenye simu tu haikusaidii pale dawati: wanataka kadi ya kushikika, yenye jina lilelile la kwenye pasipoti. Wasiokuwa nayo wanarudishwa mlangoni na chumba kimeshalipiwa. Ulizeni pia umri wa chini, maana zipo zinazokataa aliye chini ya miaka 21. Na ninyi mnaoishi Florida, ulizeni kama wanapokea wenye kitambulisho cha eneo hilo. Zipo zinazokataa wenyeji, na sharti hilo limezikwa mwisho kabisa wa ukurasa.

Sasa majina. Hoteli inaandika "Maingate" (lango kuu) na msomaji anaelewa yuko mlangoni mwa Disney. Eneo la Walt Disney World ni kama maili 40 za mraba. Ukifika kwenye lango la barabarani bado una maili kadhaa hadi Magic Kingdom, moja ya bustani za Disney, na hakuna njia ya kutembea kwa miguu. US 192 yenyewe ina njia sita za magari. Kuvuka na kigari cha mtoto ni hatari. Kitu cha kweli pale ni vibao vya namba vilivyo kando ya barabara: namba zinapanda ukielekea mashariki, mjini Kissimmee, mbali na Disney, na Old Town, eneo la maduka na burudani, iko kati ya 9 na 10. Hoteli ikikutajia namba ya 14 au 15 halafu ikajiita ya Disney, achana nayo.

"Karibu na Universal" nayo siku hizi haitoshi. Epic Universe, bustani mpya ya Universal, ilifunguliwa 22 Mei 2025 maili kadhaa kusini mwa bustani mbili za zamani, upande wa ukumbi mkubwa wa mikutano. Hoteli ya ncha ya kaskazini ya International Drive iko karibu na zile za zamani tu, na barabara hiyo ina urefu wa zaidi ya maili 10. Chukua anwani, iweke kwenye ramani, pima muda wa gari saa 2 asubuhi siku ya kazi. Usipime saa 6 usiku, utajidanganya.

Basi la bure la hoteli. Hapa ndipo pananipandisha presha. Neno "bure" linauza vyumba kuliko kitu kingine chochote, na mara nyingi basi lenyewe ni moja linalozungukia hoteli nne au tano. Linaondoka mara moja au mbili asubuhi, linarudi mara moja au mbili jioni. Lazima ujiandikishe siku moja kabla, viti vikijaa unabaki. Wakati mwingine la mwisho linaondoka kabla ya fataki kumalizika, yaani kile watoto walichokisubiri siku nzima. Na likienda Magic Kingdom haliwashushi mlangoni: linawashusha Transportation and Ticket Center, kituo cha usafiri na tiketi, ambako mnapanda tena treni ya juu au feri kuvuka ziwa. Ongeza nusu saa kila upande, zaidi wakati wa kutoka. Ulizeni mambo manne: saa za kwenda, saa za kurudi, linapita hoteli ngapi, na linakwenda bustani zipi. Akijibu "inategemea", hesabu kwamba basi halipo.

Basi za umma za Lynx ni dola 2 kwa safari, dola 4.50 kwa siku nzima. Dereva hatoi chenji, na tiketi ya kuunganisha lazima uiombe unapolipa. Ni za polepole, lakini angalau ratiba yake imeandikwa.

Usafi: usisome nyota, soma anwani. Moteli ikichafuka jina inabadilishwa kibao, rangi inapakwa, na maoni mabaya yanabaki kwenye jina la zamani. Tafuta anwani yenyewe mtandaoni. Kisha ingia tovuti ya DBPR, idara ya jimbo la Florida inayotoa leseni na kukagua hoteli. Ripoti za ukaguzi ziko wazi kwa kila mtu, na makosa yamepangwa kwa uzito. Kosa la kunguni au la vifaa vya moto likijirudia kaguzi mbili mfululizo, hapo hapafai hata wakikupa bure.

Ukifika, mizigo ibaki bafuni kwanza. Funua shuka kwenye pembe nne za godoro, kagua mishono na nyuma ya ubao wa kichwani kwa tochi ya simu: vidoadoa vyeusi ni kinyesi cha kunguni. Washa kiyoyozi cha ukutani dakika kumi. Kikinuka ukungu, omba chumba kingine kabla hujafungua begi, maana ukishalala watasema umekubali.

Na wale mnaolipia mapema kwenye tovuti za watu wa kati ili muokoe dola 8: mkifika mkakuta kitanda kimoja kwa watu wanne, hoteli itasema ongeeni na tovuti, tovuti itasema ongeeni na hoteli. Lipieni hotelini moja kwa moja, kwa bei inayoruhusu kufuta.

Mliokaa huko mwaka huu, wekeni hapa chini anwani (siyo jina), jumla iliyokatwa kwa usiku mmoja, saa ya basi la mwisho, na dipoziti ilirudi baada ya siku ngapi.