Kamati za baskeli za shehia: zizuie au zifundishe tu?

Mtoa hoja: Assalaam alaykum. Hapa Zanzibar kuna wanaotaka kamati za kujitolea za shehia, yaani za mtaa au kijiji chini ya sheha, ziruhusiwe kuizuia baskeli isiyo na breki wala taa baada ya magharibi, hadi mwenyewe aitengeneze. Wengine wanasema kuzuia ni kazi ya askari peke yake. Mimi nawaunga mkono wa mwanzo. Ukaguzi wenyewe hauna gharama: bana breki ya mbele, sukuma baskeli kwa nguvu, gurudumu la nyuma linyanyuke. Kisha bana ya nyuma, sukuma tena: gurudumu liburuzike, lisizunguke. Haifiki dakika.

Fundi, Darajani: Hicho kipimo cha jua kali, bwana. Baskeli nyingi za huku ni breki za vyuma, si za waya, na ringi za chuma. Masika yakiingia raba ya breki inateleza juu ya maji, na iliyofaulu asubuhi jioni haisimami. Mpandaji afundishwe kubana kidogo kidogo mapema, raba ifute maji, ndipo abane kweli. Halafu kuna chumvi ya bahari. Vile vyuma vimeunganishwa kwa nati na pini. Kutu ikila, pini inadondoka na mkono unabana hewa. Kamati yenye spana, mafuta ya cherehani na raba za akiba itasaidia wengi kuliko kamati yenye rungu. Ila mafuta yaishie kwenye mnyororo! Wanaomwaga hovyo yanaruka hadi kwenye ringi ya nyuma, breki imekwisha.

Mwalimu, Wete: Fundi, ahsante. Hapa mnasahau watoto wa kike. Baibui au sketi ya skuli ikiingia kwenye mnyororo inamwangusha papo hapo, na breki nzima haimsaidii. Wanahitaji kifuniko cha mnyororo, na wavu uliofungwa vizuri pembeni mwa gurudumu la nyuma. Tena kamati ya wanaume ikianza kuwasimamisha wasichana njiani jioni, wazee wao watawakataza baskeli moja kwa moja. Hapo mtasema ajali zimepungua!

Dereva wa daladala: Shida ya dereva usiku ni kutomwona mtu. Rifleta inakuwepo, lakini imefunikwa na majani ya ng'ombe au makuti yanayoning'inia nyuma ya keria. Ifungwe kwenye ncha ya mzigo wenyewe, si kwenye madigadi. Na hizi sidii kuukuu wanazotundika watu hazifai: zinaurudisha mwanga upande mwingine, si kwa dereva. Nao wapandaji waache kupenya kushoto gari ikisimama, abiria anateremka hapo hapo.

Mtoa hoja: Sasa dereva, si ndiyo sababu ya kuzuia? Asiyeonekana anamhatarisha na mwenzake.

Mjumbe wa kamati, Fuoni: Mzuie baskeli, na barabara je? Ukingo wa lami ukiliwa na mvua unabaki ngazi. Gari ikipiga honi mpandaji anashuka mchangani, kisha anataka kupanda tena kwa mshazari. Tairi la mbele linasugua ule ukingo, halipandi, anaangukia kwenye njia ya magari. Apunguze mwendo, asimame, apandishe baskeli kwa mkono. Kazi ya kamati ni kupima kina kwa rula, kupiga picha rula ikiwa imesimama pale pale, na kuandika barua kwa sheha yenye jina la mahali na upande wa barabara. Barua ya "barabara yetu mbovu" inawekwa kando tu.

Mtoa hoja: Nakubali, wakulima na wanafunzi wafundishwe tu, wasizuiwe. Basi tuanze na baskeli zinazokodishwa wageni Paje na Jambiani. Mwenye kuzikodisha anafanya biashara, udhuru wa kukosa raba hana.

Fundi, Darajani: Hapo sina ubishi. Lakini mjumbe wa kujitolea akimwambia mwenye duka "hii haitoki leo", naye akagoma, nani atasimama nyuma ya mjumbe? Sheha, au askari? Hilo liandikwe kabla ya mtu kushika baskeli ya mwenzake.