Timu inaburuza mkia kwenye raga ya kulipwa: ingekuwa wewe, ungeanza kumsajili nani?

Mswahili_wa_Tyne
Wakuu, heshima kwenu. Najua wapenzi wa raga mpo humu, ila mmejificha nyuma ya nyuzi za Simba na Yanga.

Msimu wa 2023/24 Newcastle Falcons walicheza mechi 18 za ligi kuu ya raga ya England, wakafungwa zote 18. Msimu uliofuata wakashinda 2, wakabaki mkiani palepale. Agosti 2025 Red Bull wakainunua timu, sasa inaitwa Newcastle Red Bulls. Pesa ipo, lakini ligi ina ukomo wa mishahara: pauni milioni 6.4 kwa kikosi kizima, kabla ya nyongeza za hapa na pale, na ni mchezaji mmoja tu anayelipwa nje ya hesabu hiyo.

Hapo naona njia nne. A, nyota mkubwa wa namba 10, yule anayeongoza mashambulizi, achukue ile nafasi ya nje ya ukomo. B, anza na miili ya mbele, mapropu hasa, wale wasukumaji wa mstari wa kwanza. C, wabakize vijana wa akademia kwa gharama yoyote. D, okoteza wa bei poa kutoka daraja la pili na visiwa vya Pasifiki. Mngeanza na ipi?

MzeeWaSkramu
B, na hilo halina mjadala. Nilicheza namba 3, propu wa kulia, Nakuru enzi hizo, shingo yangu bado inakumbuka.

Namba 3 akiingia kwenye skramu, pale watu wa mbele wa timu mbili wanaposukumana kugombea mpira, kichwa chake kinakaa kati ya propu wa upande wa pili na namba 2 wao. Maana yake anabanwa na watu wawili, na nyuma yake wenzake wanamsukuma. Akipinda mgongo kidogo tu, skramu inaporomoka na refa ananyanyua mkono: penalti. Wapinzani wanapiga mpira nje karibu na kona yako, wanaurusha wao wenyewe kuurudisha uwanjani, wanajikusanya na kukusukuma hadi unaanguka ndani ya mstari wako. Trai, yaani bao la raga. Namba 10 wako wa mamilioni wakati huo yuko nyuma ya posti anasubiri wapinzani wapige mkwaju wa nyongeza. Hajagusa mpira.

Na usinunue mmoja. Propu anayeanza hutolewa mapema kipindi cha pili, kachoka. Dakika 25 za mwisho, pale mechi nyingi zinapoamuliwa, anayesukuma ni yule wa benchi.

Binti_wa_Kisauni
Mzee wangu shikamoo, lakini Newcastle hiyohiyo ilishabeba ubingwa kwa kununua majina. 1995 Sir John Hall, mmiliki wa wakati huo, alimleta Rob Andrew, namba 10, akampa kazi ya kujenga timu. 1997 wakamchukua Va'aiga Tuigamala kutoka Wigan, dau likitajwa kufikia pauni milioni moja. Mwaka huohuo walipanda kutoka daraja la pili, na 1998 wakawa mabingwa kwa pointi moja mbele ya Saracens. Jonny Wilkinson, namba 10 aliyekuja kuwa nyota wa England, alikuwa bado kijana wa miaka 18.

Mswahili_wa_Tyne
Dada, ukomo wa mishahara ulianza 1999. Hall alinunua alichotaka. Leo ukijaribu hivyo yanakukuta ya Saracens, walioshushwa daraja 2020 kwa kuuvunja. Na hao Newcastle wa 1998 mbele walikuwa na Doddie Weir, Dean Ryan na Pat Lam. Tunamkumbuka Tuigamala kwa sababu ndiye aliyekimbia na mpira.

Kariakoo_FC
Mimi mtu wa soka, mnivumilie. Red Bull si tunawajua? Salzburg walimchukua Haaland akiwa mdogo, wakamuuza Dortmund. Si wafanye hivyohivyo, wanunue watoto wa miaka 19 na kuwauza kwa faida?

Mswahili_wa_Tyne
Mkuu, swali zuri, na ndipo watu wa soka wanapopotea. Kwenye raga ada ya uhamisho ni nadra. Mchezaji anasubiri mkataba uishe, anaondoka zake. Ukimlea vizuri, anayefaidi ni mwingine. Guy Pepper alikulia hapa, 2024 akaenda Bath, leo anavaa jezi ya England. Adam Radwan na Jamie Blamire wako Leicester. Kwa hiyo C ina mantiki, ila kijana hatabaki kwenye timu inayofungwa kila wiki.

Halafu kuna kalenda. Wachezaji wazuri husaini miezi mingi kabla ya msimu. Mmiliki anayeingia Agosti anakuta soko limeshafagiliwa.

Ras_Kilindini
Kwenye D, kwa nini wasichukue wetu? Daniel Adongo alitoka Kenya akacheza Southern Kings ya Afrika Kusini, kisha Colts, timu ya futiboli ya Kimarekani, wakamchukua 2013, hata mchezo wenyewe hakuwa ameucheza.

Mswahili_wa_Tyne
Zamani njia ilikuwepo kaka. Mfumo wa Kolpak uliwaruhusu watu wa Afrika Kusini, Fiji, Tonga, hata Kenya, kufanya kazi Uingereza bila kuhesabiwa wageni. Brexit ikaufunga mwisho wa 2020. Sasa ni vibali, na vibali vinataka mtu aliyeshacheza juu. Ile D ya bei poa si ya bei poa tena.

Daktari_Raga
Mnabishana wakati jibu liko Bath. Msimu wa 2021/22 walikuwa wa mwisho, wa 13 kati ya 13. 2022 akaja kocha Johann van Graan. Worcester ilipofilisika mwaka huo wakawachukua Ted Hill na Ollie Lawrence. 2023 wakamleta Finn Russell, namba 10, na Thomas du Toit, propu wa Afrika Kusini, wakati Will Stuart wa England tayari wanaye. Mapropu wawili wa kimataifa kwa nafasi moja! 2024 wakafungwa fainali na Northampton, 2025 wakaifunga Leicester 23 kwa 21, ubingwa.

Kwa hiyo ni A na B kwa pamoja, ila kocha alitangulia. Russell asingekuja kwa kocha asiyejulikana anataka nini.

Binti_wa_Kisauni
Umesahau Bath ni Bath, iko kusini. Newcastle iko kaskazini peke yake, jirani wa karibu kwenye ligi ni Sale, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Mwenye mke na watoto kusini atataka nyongeza kukubali ule upepo.

Mswahili_wa_Tyne
Upepo ni kweli, nausikia dirishani sasa hivi.

Haya, orodha yangu: namba 3 wawili walioiva, mmoja wa kuanza na mmoja wa benchi. Vijana wawili watatu wa akademia mikataba mirefu leo leo, kabla hawajapigiwa simu na Leicester. Namba 10 mwenye akili, si lazima jina. Ile nafasi ya nje ya ukomo naiacha wazi hadi msimu ujao, soko likifunguka mapema.

MzeeWaSkramu
Nafasi hiyo mpe namba 3.

Binti_wa_Kisauni
Mzee, nani atanunua jezi yenye jina la propu?

MzeeWaSkramu
Mimi.