Nianze na saa ipi: Ansonia, Junghans, ya siku 400 au ya mfukoni?

MwalimuMstaafu, Tanga
Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Nimestaafu mwaka jana nikiwa na miaka 61, mkono umezoea chaki tu. Nataka kujifunza kutengeneza saa za zamani, si kwa biashara, ni kujiliwaza. Ninazo nne: Ansonia ya ukutani ya marehemu babu, iliyosimama tangu nikiwa darasa la sita, Junghans ya Kijerumani ya mnadani, moja ya zile za siku 400 (ukiijaza mara moja hutembea siku hizo zote) zenye kuba la kioo, na ya mfukoni ya mjomba. Nianze na ipi? Navaa miwani, na vidole hutetemeka kidogo nikiwa na njaa.

BintiMvita
Shikamoo mwalimu. Ya mfukoni irudishe kabatini. Ncha za ekseli yake ni nyembamba karibu na unywele, na skrubu zake ukipiga chafya umezipoteza. Mimi nilianza na hiyo kwa kiburi. Kuna springi moja iliruka, na chumba nimekifagia miaka minne sijaiona.

KamaniKuukuu, Unguja
Marahaba mwalimu, nimekuzidi miaka kumi. Ubishi wa kweli ni kati ya Mmarekani, yaani Ansonia, na Mjerumani.

Ansonia ina magurudumu makubwa, kila kitu unakiona, na zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo vipuri vya mitumba havikosekani. (Kiwanda chenyewe kilikwisha 1929, mitambo ikauzwa kwa Warusi.) Ubaya wake ni kamani, ile springi kubwa inayoiendesha saa: iko wazi, haina kifuniko. Ukilegeza nati za bamba linaloshika magurudumu wakati kamani imejaa, itafumuka ikukate vidole na kupinda meno ya magurudumu. Junghans za ukutani nyingi nilizofungua kamani imefungiwa ndani ya kikopo cha shaba. Kwa mwanafunzi hiyo ni salama zaidi.

Lakini hata ya kikopo ishushe kwanza. Shika ufunguo kwa nguvu, inua kile kidole kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma, uache ufunguo ugeuke nusu duara, rudisha kidole, shika upya. Polepole hadi nguvu iishe. Usiwe na haraka ya futari.

Jambo la pili ni mlio. Ansonia nyingi hugonga kwa gurudumu la kuhesabia lenye mapengo pembeni: baada ya moja inakuja mbili, baada ya mbili tatu, basi. Halijui mishale iko wapi. Saa ikisimama katikati ya kugonga, mlio na mishale vinaachana. Kuna aina ya pili ya mlio, na Junghans ikiwa ni ya aina hiyo, kabla ya kugonga hupima kwanza mshale wa saa umefika wapi, kwa hiyo haikosei. Ukifungua utaona ni ipi.

Mimi ningeanza na Junghans.

AbuNasra, Maskati
Hiyo ya siku 400 isikudanganye kwa uzuri wake. Mipira ya pendulamu yake inazunguka kwenda na kurudi mara nne hivi tu kwa dakika, ikining'inia kwenye utepe mwembamba wa chuma. Nguvu inayoiendesha ni ndogo sana hata vumbi kidogo linaisimamisha. Utepe ukipinda hata kidogo, umekwisha, na mpya lazima uwe wa unene uleule. Hapa kwetu mtoto akibamiza mlango tu inasimama. Nimeigeuza pambo.

Juma_Bisibisi
Mbona asinunue saa ya kengele ya mezani, ya bei poa, aharibu hiyo kwanza? Na mafuta ya cherehani yanatosha.

KamaniKuukuu, Unguja
La kwanza sawa, ila za zamani zenye namba zinazong'aa gizani asizikwangue. Nyingi zilipakwa radiamu, na hata mng'ao ukifa, mionzi bado ipo. La mafuta, hapana bwana. Mafuta ya cherehani husambaa, tundu la ekseli linabaki kavu, ncha ya ekseli inalila hadi linakuwa kama yai. Hapo ndipo unaanza kutafuta bushi, kile kipete cha kutia kwenye tundu lililolika. Mafuta ya saa, tone moja kila tundu, na meno ya magurudumu yaache makavu.

MamaKisauni
Samahani kaka zangu. Mnampangia mwalimu upasuaji, nani ameuliza kama mgonjwa anaumwa? Marehemu mume wangu alikuwa fundi saa, na nyingi alizoletewa zilikuwa zimetundikwa upande tu. Mwalimu, itundike Ansonia, itie ufunguo kidogo, sukuma pendulamu, halafu usikilize. Ikisema *ti-ka, ti-ka* kwa mwendo sawa, nzuri. Ikichechemea, *tika… tika…*, sogeza sehemu ya chini ya sanduku kushoto au kulia hadi mwendo ulingane.

MwalimuMstaafu, Tanga
Mama Kisauni, Mungu akuweke! Nimesogeza chini kama upana wa kidole, na inatembea tangu jana alasiri. Mke wangu amekuja mara tatu kuihakikisha. Ila mlio umeharibika. Asubuhi mishale inaonyesha kumi kamili, yenyewe imegonga mara nne.

KamaniKuukuu, Unguja
Na ilipofika kumi na moja?

MwalimuMstaafu, Tanga
Tano. Adhuhuri sita.

KamaniKuukuu, Unguja
Sasa mwalimu, mishale ikiwa kwenye kumi asubuhi, wewe kwa Kiswahili unasema saa ngapi?

MwalimuMstaafu, Tanga
Lo! Saa nne.

BintiMvita
😂😂 Inagonga Kiswahili!

KamaniKuukuu, Unguja
Ama iliteleza yenyewe, ama babu yako aliigongesha kwa mkono hadi ikalingana na kinywa chake. Gurudumu la kuhesabia linaruhusu hilo.

MwalimuMstaafu, Tanga
Babu hakuwahi kutaja saa kwa Kizungu maisha yake yote. Basi mlio huo siugusi. Jumamosi, nikishakula, nafungua Junghans.

MamaKisauni
Kamani kwanza.