Chombo cha maua cha bluu na nyeupe alichoniachia bibi: ni cha Uchina kweli?

Mjukuu wa Kalenga
Shikamooni wakubwa. Marehemu bibi yangu, hapa Iringa, aliniachia chombo cha maua cheupe chenye michoro ya bluu: daraja, watu watatu wanaolivuka, na juu yao ndege wawili. Kimemeguka kidogo mdomoni, na pengo lake lina rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Mnunuzi mmoja mnadani anasisitiza kuwa ni cha kale cha Uchina, nami sitaki kukiuza kabla ya kuujua ukweli wake. Nikikague vipi?

Mama wa Matema
Pole kwa kuondokewa na bibi. Jibu liko pale palipomeguka. Kaure ya Jingdezhen, mji wa Uchina ambao michoro hii ya bluu ilistawi tangu karne ya 14, hufinyangwa kwa udongo mweupe wa kaolini uliochanganywa na mawe laini yaliyosagwa, kisha huchomwa kwa joto la karibu nyuzi 1,300 hadi ishikamane kama kioo, na ikivunjika huwa nyeupe mpaka ndani. Chako ni cha udongo uliochomwa kwa joto dogo zaidi, ndiyo maana hata pengo lake hunywa maji, kama vinavyofanya vyungu vya Wakisi tunavyouziwa huku ziwani. Usikitie maji, kitaingia madoa.

Mwalimu wa Tukuyu
Mama amesema kweli. Niongeze kwamba mchoro huo wa daraja na ndege wawili ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga Uchina, na kwa kawaida haukuchorwa kwa mkono, bali ulichapwa kwa karatasi laini yenye rangi iliyokandamizwa juu ya chombo. Kizungushe taratibu kwenye mwanga utafute mshono, mahali ambapo mapambo yanakutana bila kulingana. Wala usibabaishwe na maandishi ya Kichina kitakoni, kwani hata mafundi wa Jingdezhen wa karne ya 19 waliandika jina la enzi ya Kangxi, mfalme aliyefariki mwaka 1722.

Mjukuu wa Kalenga
Nimeuona mshono, mwalimu. Nyuma ya shingo kuna ua lililokatwa katikati, na nusu yake ya pili ni jani. Nimemwambia mnunuzi asije. Asanteni sana, kitarudi dirishani alipokiweka bibi, na nitakitia mashada ya ngano kavu.