Kiboko niliacha. Kinachonivunjia heshima ni orodha ya Jumatatu

Mwalimu wa Busia
Walimu wenzangu na wazazi, naomba mawazo yenu. Nafundisha P.6, darasa la sita la msingi, hapa Busia upande wa Uganda, watoto 94 chumba kimoja. Kiboko nilikiweka chini mwaka 2016, Sheria ya Watoto iliporekebishwa, na sijawahi kukitamani tena. Wenzangu wanasema nidhamu ilikufa siku hiyo. Mimi nakataa.

Kinachoniumiza ni orodha. Kila Jumatatu mwalimu mkuu hunipa majina ya wasiolipa pesa ya posho, yaani ugali, na maharage. Nayasoma mbele ya darasa, nawarudisha nyumbani. Jumanne nataka watoto walewale waniheshimu!

Wiki jana nilifika kwenye jina la kijana mmoja wa miaka 16. Shule zilipofungwa kwa korona, karibu muda wote tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, alianza kusukuma baiskeli za mizigo mpakani, akachelewa sana kurudi. Alisimama kabla sijamaliza jina lake. "Mwalimu, usinisome. Nitalipa mwenyewe." Akaweka shilingi elfu tano juu ya meza yangu. Darasa kimya. Sikujua nimkemee au nimshukuru, basi nikaendelea na jina lililofuata. Jambo hilo ndilo ninalolijutia. Kijana huyo ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake hesabu za sehemu vizuri kuliko mimi. Tangu siku hiyo hanyoshi mkono.

Je, nikikataa kusoma orodha, nitakuwa nimemkaidi mkubwa wangu?

Mstaafu, Tororo
Mwanangu, mimi nilianza kazi kabla ya UPE, elimu ya msingi kwa wote, ya 1997. Wakati huo mwalimu ndiye aliyesomea wazee barua zao, hata baba mtu mzima alivua kofia akinipita njiani. UPE ilipoingia, watoto wakajaa mpaka wakaketi sakafuni, na wengi wetu tukashika fimbo kwa sababu sauti haikufika nyuma. Tuliogopwa, tukadhani ndiyo heshima. Nenda kwa mwalimu mkuu ofisini kwake, mkiwa wawili tu. Usiyaseme haya mbele ya walimu wengine, atalazimika kukukatalia.

Mama wa watatu, Arua
Mwalimu, binti yangu alikuwa anaumwa tumbo kila Jumatatu. Nilipojua sababu nilikwenda shuleni nikamfokea mwalimu wake dirishani, watoto wakisikia. Kumbe naye alitumwa. Nilimwomba msamaha, lakini pembeni, na aibu ilikuwa ya hadharani. Nipigie simu mimi mzazi. Deni ni langu, si la mtoto.

Ticha, Iganga
Pole, ila mpishi atalipwa na nani? Kwetu tuliacha kusoma majina, ikafika wiki ya sita hakuna kuni wala unga. Watoto walishinda njaa hadi saa kumi. Usikatae tu, peleka na njia nyingine.

Mwalimu wa Busia
Asanteni, hasa Mama wa Arua. Nimeonana na mwalimu mkuu leo asubuhi. Muhula huu nitawapigia wazazi wa darasa langu mwenyewe, kwa simu yangu. Akiona pesa haziingii, orodha inarudi. Yule kijana nimempa chaki aandike hesabu ubaoni. Amesema mkono unamuuma. Nitamwita tena kesho.